Jina, Kiambishi na Tamko: Utangulizi wa Maana ya Maneno na Sentensi Kupitia Historia ya Abagusii

Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma semantiki aghalabu hukutana kwanza na mifano ya mbali: nyota za wanafalsafa wa Ujerumani, miti ya wanaisimu wa Uswisi, ahadi za maprofesa wa Oxford. Mifano hiyo ina thamani yake, lakini humwacha na dhana kwamba maana ni suala la darasani tu. Makala hii inapita njia nyingine. Inakusudia kueleza misingi ya namna maneno na sentensi zinavyobeba maana kwa kuchunguza historia ya Abagusii, ambao makao yao ni kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya.

Lugha yao, Ekegusii, ni ya jamii ya Kibantu, lakini pande nyingi imezungukwa na lugha za Kiniloti: Dholuo kwa magharibi, Kikipsigis na Kimaasai kwa mashariki na kusini. Ina lahaja mbili kuu, Rogoro ya kaskazini na Maate ya kusini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Hivyo basi, haizungumzwi hapa lugha ya watu wachache waliosahauliwa, bali lugha yenye wasemaji wengi ambayo maneno yake yamepita katika vinywa vya wageni, watawala, wamisionari na mahakimu.

Dai la makala ni kwamba maana si mzigo uliofungwa ndani ya neno na kusubiri kufunguliwa. Maana hupatikana katika tabaka tatu zinazotegemeana: uhusiano wa jina na kitajwa chake, mchango wa kiambishi ndani ya neno, na kazi ya tamko zima ndani ya muktadha wa wasemaji. Katika historia ya Abagusii kila tabaka kati ya hizi limewahi kuamua jambo zito, kuanzia mgawo wa ardhi hadi uhai wa mtu.

Jina na Kitajwa

Mwaka 1892 Gottlob Frege alitoa hoja ambayo bado ndiyo mlango wa semantiki. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja, yaani sayari ya Zuhura. Hata hivyo majina hayo mawili hayana maana moja, kwa sababu kila moja linakifikia kitajwa kwa njia yake. Kwa hiyo ni lazima kutofautisha kile kinachotajwa na namna kinavyotajwa.

Mji wa Kisii unathibitisha hoja hiyo bila kuhitaji darubini. Mji huu una majina matatu. Katika ramani na nyaraka za serikali ni Kisii. Kwa wenyeji ni Bosongo, jina linalohusishwa na Abasongo, yaani Wazungu. Maana yake ni mahali pa Wazungu. Jina la tatu ni Getembe, na hilo ndilo linalotajwa katika simulizi za nabii Sakawa. Kitajwa ni kimoja: mtaa ule ule, soko lile lile. Lakini anayesema Kisii anataja makao ya utawala; anayesema Bosongo anakumbuka nani alipajenga pawe mji; anayesema Getembe anakumbuka palivyokuwa kabla ya kituo cha serikali kuanzishwa mwaka 1907. Ukibadilisha jina moja kwa jingine katika sentensi, ukweli wa sentensi haubadiliki, lakini msimamo wa msemaji umebadilika.

Umbo Kisii lenyewe linastahili kuchunguzwa. Wenyeji hujiita Abagusii, na mmoja wao ni Omogusii. Katika vinywa vya wageni Gusii iligeuka Kisii. Aidha, katika maandishi ya awali ya Waingereza watu hao hao waliitwa pia Kosova, jina lililotokana na majirani. Umbo Kisii likaingia katika Kiswahili cha utawala kama shina zima, na juu yake vikaongezwa viambishi: Mkisii, Wakisii, Kikisii. Msikilizaji asiyejua historia huweza kudhani kwamba silabi ki- ya kwanza ni kiambishi cha lugha, kama katika Kiganda au Kikamba, na kwamba Kikisii kina kiambishi hicho mara mbili. Kumbe ki- iliyo mwanzoni mwa Kikisii ndiyo inayolingana na eke- ya Ekegusii, na ile inayoifuata ni mabaki ya sauti gu- iliyosikiwa vibaya.

Jambo hilo halikuwa la upande mmoja. Afisa wa kwanza wa Kiingereza kukaa katika kituo hicho, G. A. S. Northcote, aliitwa na wenyeji Nyarigoti. Kila upande ulilipokea jina la mwenzake kwa kanuni za sauti za lugha yake. Tofauti ni kwamba Nyarigoti ilibaki katika simulizi, ilhali Kisii ilipigwa mhuri. Hapa mwanafunzi anajifunza jambo ambalo Ferdinand de Saussure alilisisitiza katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916: uhusiano wa umbo na dhana ni wa makubaliano, hautokani na maumbile ya kitu. Historia ya Kisii inaongeza kwamba makubaliano hayo hayafanywi na watu wenye nguvu sawa.

Majina ya sehemu za Gusii yanaonyesha hayo hayo kwa undani zaidi. Nyaraka za kikoloni ziliandika Wanjare, Majoge na Bassi mahali ambapo wenyeji husema Bonchari, Bomachoge na Bobasi. Kiambishi bo- hutaja nchi, yaani eneo la ukoo fulani. Wanjare, kwa upande wake, huanza na silabi ambayo sikio la Mswahili hulisikia kama kiambishi cha watu wengi. Kwa kubadilisha silabi moja, nchi imegeuka kundi la watu. Leo majimbo ya uchaguzi yanatumia majina ya Bonchari, Bobasi na Bomachoge. Bo- imerudi katika karatasi za serikali, na pamoja nayo wazo kwamba ukoo na ardhi yake ni jambo moja.

Kiambishi na Utu

Mifano hiyo inaelekeza kwenye tabaka la pili. Neno si kipande kimoja kisichogawanyika. Katika lugha za Kibantu sehemu kubwa ya maana hubebwa na mofimu ndogo zilizotangulia shina, na ngeli huonyesha msemaji anakiweka kitajwa katika kundi gani la vitu.

Robert LeVine, aliyefanya utafiti katika jamii aliyoiita Nyansongo katika miaka ya 1950, alieleza ngazi za umri ambazo Abagusii walizitambua kwa majina. Mtoto mchanga, awe wa kiume au wa kike, ni ekengwerere. Mvulana ambaye hajatahiriwa ni omoisia. Akitahiriwa ni omomura. Akizeeka na kuwa na kauli katika boma ni omogaka. Msichana ambaye hajapitishwa katika tohara ni egesagane. Akipitishwa ni omoiseke. Akiolewa ni omosubati. Akizeeka ni omongina.

Orodha hii ikisomwa kwa macho ya mwanasemantiki, jambo moja linajitokeza. Majina karibu yote yana kiambishi omo-, ambacho ni ndugu wa m- ya Kiswahili katika mtu na mgeni. Majina mawili yanatoka nje ya ngeli hiyo: ekengwerere na egesagane. Kiambishi chao ni kimoja. Tofauti kati ya eke- na ege- ni ya sauti tu, kwa kuwa k hulainika na kuwa g inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna kama s au t. Ndiyo sababu husemwa Ekegusii lakini egesagane. Umbo limebadilika, maana haikubadilika. Kiambishi hicho kinalingana na ki- ya Kiswahili, ambayo hutaja vitu, lugha, udogo, na mara nyingine watu wanaohesabiwa kuwa na upungufu: kitoto, kiziwi, kipofu.

Haifai kutia chumvi. Ngeli si hukumu kila mahali. Hakuna Mswahili anayedhani kijana si mtu kwa kuwa jina lake linaanza na ki-. Hata hivyo ulinganisho wa omoisia na egesagane hauwezi kupuuzwa. Mvulana asiyetahiriwa tayari yumo katika ngeli ya watu, japo yu chini. Msichana wa ngazi hiyo hiyo amebaki katika ngeli alimozaliwa, pamoja na mtoto mchanga, na anaingia katika omo- kwa njia ya kisu. Sarufi haikuiunda desturi hiyo. Lakini iliisemea kila siku, bila mtu yeyote kuhitaji kutoa hoja.

Tena maneno haya hayakubaki kuwa majina ya umri tu. Kumwita mwanamume mzima omoisia ni tusi. Kumwita mwanamke egesagane ni tusi. Hapo maana kiini, yaani ngazi ya umri, imezidiwa na maana husishi, yaani aibu. Uzito wa aibu hiyo unaonekana katika takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa miaka ya 2008 na 2009 ulionyesha kwamba asilimia 96 ya wanawake wa Kigusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha asilimia 84 kwa Abagusii na 21 kwa nchi nzima.

Sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji wa wanawake haikuishia kwenye kitendo chenyewe. Kifungu cha 25 kinafanya kuwa kosa kutumia lugha ya dharau kwa nia ya kumfedhehesha mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, au mwanamume kwa kumwoa au kumuunga mkono mwanamke wa namna hiyo. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Watunga sheria walitambua jambo ambalo wanasemantiki hulifundisha: desturi haikai katika vitendo tu, hukaa pia katika msamiati unaoigawa jamii. Lakini sheria inaadhibu nia ya msemaji. Haiwezi kuliondolea neno historia yake. Hilo hufanywa na wasemaji wenyewe, pale wanapoanza kumwita msichana omoiseke bila kuuliza lolote.

Nyumba Isiyo Jengo

Neno moja laweza kuwa na fahiwa kadhaa zinazohusiana. Hali hiyo huitwa polisemia. Katika Ekegusii neno enyomba hutaja jengo la kulala, lakini hutaja pia mama mmoja na watoto wake ndani ya boma la mume mwenye wake wengi. Riiga ni jiwe la jikoni, ndugu wa figa la Kiswahili, na pia ni tawi la ukoo. Egesaku ni kundi la watu wa asili moja, liwe dogo au kubwa. Jengo, jiko na ukoo vimefungwa katika taswira moja: watu walitoka katika mlango mmoja na kula katika moto mmoja. Waswahili wa pwani nao husema mlango kwa maana ya ukoo, na hakuna anayefikiria mbao na bawaba.

Philip Mayer, aliyechapisha uchunguzi wake wa sheria ya mahari ya Abagusii mwaka 1950, alionyesha kwamba enyomba ilikuwa mwenye mali. Ng'ombe walioletwa kwa binti wa nyumba fulani walikusudiwa kumwozea kaka yake wa nyumba hiyo hiyo. Kuwahamishia nyumba nyingine kulizua deni, na deni hilo liliweza kudaiwa hata na kizazi kilichofuata. Baba alipokufa, kila nyumba ilisimama kama nafsi moja mbele ya nyingine.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, ililipokea neno hilo. Kifungu cha 40 kinasema juu ya mtu aliyeoa zaidi ya mara moja na kufa bila wasia: mali yake igawanywe kwanza baina ya nyumba, lakini kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai aongezwe kama fungu moja zaidi. Chukua mfano wa ekari 12 na wajane wawili, mmoja mwenye watoto 2, mwingine mwenye watoto 8. Kwa hesabu inayoichukulia kila nyumba kuwa nafsi moja, kila upande hupata ekari 6. Kwa hesabu ya sheria, nyumba ya kwanza ina mafungu 3 na ya pili mafungu 9. Hivyo moja hupata ekari 3 na nyingine ekari 9. Aidha neno mtoto katika sheria hiyo halibagui binti na mwana, ilhali katika desturi ardhi ilifuata wana.

Neno ni lile lile, nyumba. Fahiwa zake ni mbili. Katika desturi nyumba ni kitu kimoja. Katika sheria nyumba ni jumla ya vichwa. Katika milima ya Gusii, ambako mashamba yamekatwa vipande vidogo kizazi baada ya kizazi, tofauti hiyo ya kisemantiki hupimwa kwa futi. Ndugu wawili wanaweza kusimama mbele ya hakimu, wote wakisema nyumba yetu, wote wakisema kweli, na wasiwe wamezungumzia jambo moja. Mwanafunzi anapoambiwa kwamba polisemia ni utajiri wa lugha, akumbuke pia kwamba utajiri huo una wadai wake.

Sentensi na Muktadha Wake

Tabaka la tatu ni tamko. Maana ya sentensi hutokana na maana za sehemu zake na jinsi zilivyounganishwa. Hiyo ndiyo kanuni ya msingi. Lakini kanuni hiyo haimalizi kazi. Asubuhi Abagusii husalimiana kwa neno Bwakire. Ni neno moja lenye sentensi nzima ndani yake: kiambishi cha mtenda, shina la kitenzi chenye maana ya kucha, na kiishio cha jambo lililotimia. Maana yake ya kisarufi ni kwamba kumekucha. Hata hivyo asemaye Bwakire hamletei mwenzake habari; jua tayari wote wanaliona. Anathibitisha kwamba wote wawili wameamka salama na kwamba hakuna ugomvi baina yao. Anayekataa kuitikia hakanushi kwamba kumekucha, anakanusha ujirani.

Utabiri ni tamko la aina nyingine, kwa sababu kitajwa chake kinasubiriwa. Simulizi zinasema kwamba Sakawa, aliyetoweka mnamo mwaka 1902, aliwakusanya watu Getembe na kuwaonyesha mahali ambapo majengo ya wageni yangesimama, na kwamba wageni hao siku moja wangeondoka. Waingereza walikuja kwa silaha mwaka 1905, wakajenga kituo mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo, kijana wa Kitutu aliyechochewa na Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa kama nabii na mganga, alimchoma Northcote kwa mkuki. Northcote alipona, nchi ilichomwa moto na ng'ombe wakatwaliwa kwa maelfu, kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu katika Wizara ya Makoloni, alipeleka simu ya kulalamikia mauaji hayo.

Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yaliingia Kisii, na Waingereza wakauacha mji kwa muda mfupi. Sehemu ya pili ya utabiri ilionekana kupata kitajwa chake. Watu waliingia mjini na kutwaa mali katika ofisi, maduka na misheni. Waingereza waliporudi, waliadhibu. Maneno ya Sakawa hayakuwa yamebadilika hata silabi moja kati ya 1902 na 1914. Kilichobadilika ni tukio ambalo wasikilizaji waliliona kuwa ndilo lililotajwa. Wafuasi wa Mumbo, dini iliyoingia Gusii kutoka kwa Wajaluo katika miaka hiyo, waliendelea kusubiri kurudi kwa Sakawa: tamko lilibaki wazi, na kila kizazi kingeweza kulijaza upya.

Tamko Liuwalo

J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Ahadi, kiapo, laana na shutuma havielezi jambo lililopo, hulileta jambo. Katika Gusii mfano mzito kuliko yote ni neno omorogi.

Neno hilo limeundwa kwa njia ya kawaida kabisa. Koroga ni kuloga. Kiambishi omo- na kiishio -i hutoa jina la mtenda, kama mlozi katika Kiswahili. Ndani ya umbo hilo kuna hatari. Kusema fulani aliloga ni kudai kwamba tendo fulani lilifanyika, na dai hilo laweza kuulizwa lini na wapi. Kusema fulani ni omorogi ni kutaja alivyo. Hakuna lini wala wapi. Kitenzi kina wakati, nomino haina. LeVine alionyesha jinsi Abagusii walivyokuwa na majina tofauti kwa mchawi wa usiku, mpigaji ramli, mfukua uchawi na mtaalamu wa dawa za kujikinga na kulipiza. Nje ya jamii hiyo wote huweza kuitwa kwa neno moja au mawili, na mpaka kati ya mganga na mshukiwa hupotea.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 hufanya kuwa kosa kumshutumu mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa shutuma hiyo ipelekwe kwa mwenye mamlaka kama polisi au chifu. Maneno ni yale yale. Mahali pa kuyasemea ndipo panapoyafanya kuwa kosa au malalamiko. Watunga sheria wa kikoloni hawakumsoma Austin, lakini walikuwa wameigusa hoja yake: sentensi hupata nguvu kutokana na nani anaisema, kwa nani na wapi.

Sheria hiyo haikutosha. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto Kisii kwa shutuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, katika kaunti hiyo hiyo, kwa shutuma kama hizo. Sababu za mauaji ya namna hii hazihusu lugha peke yake. Ugomvi wa ardhi, vifo visivyoelezwa na upweke wa wajane vimo pia. Lakini umati hauuliki kwa kuonyeshwa ardhi inayogombewa. Huitika kwa neno, na neno hilo linapokubaliwa na sauti za kutosha, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya mtu yeyote kutakiwa atoe ushahidi.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba swali la jinsi maneno na sentensi zinavyobeba maana haliwezi kujibiwa kwa kuangalia kamusi pekee. Kisii, Bosongo na Getembe zinafundisha tofauti ya kitajwa na namna ya kukitaja. Egesagane na Bonchari zinafundisha kwamba silabi moja mwanzoni mwa neno hubeba mtazamo wa jamii juu ya utu na ardhi. Enyomba inafundisha kwamba fahiwa mbili za neno moja zaweza kukutana mahakamani. Bwakire, utabiri wa Sakawa na shutuma ya omorogi zinafundisha kwamba maana ya sentensi hukamilika katika muktadha.

Kwa mhakiki wa fasihi, matokeo ya hoja hii ni ya kivitendo. Anayekusanya simulizi za Moraa na Otenyo, au anayezitafsiri kwa Kiswahili, hana budi kuandika nani alisimulia, kwa nani, na kwa jina gani la mji. Kwa kuwa Getembe ikitafsiriwa Kisii, msikilizaji wa pili atakuwa amepewa mahali pale pale na historia nyingine. Na kwa mwalimu wa lugha katika shule za Kisii na Nyamira, kazi ya kuanzia iko karibu: majina ambayo wanafunzi wake huitana uwanjani.